Mvua Ikatike Kwanza

Jumatatu, 20 Oktoba 1997

Binti yangu amekuja kutoka Thika leo, maana ni sikukuu, akaniletea shajara ya mwaka huu. Mwaka wenyewe uko ukingoni, lakini kazini kwao zilibaki za bure, na huyu mtoto wangu hajawahi kupita kitu cha bure akakiacha. Akasema, "Mami, tangu ustaafu unagombana na kila mtu. Sasa ugombane na hii." Haya basi. Nimefundisha Kiswahili mpaka nikatoka mvi, sitashindwa na karatasi.

Wa kwanza kugombana naye ni mvua. Redio inasema ina jina, eti El Nino. Mvua ikishapewa jina huanza kujiona.

Ploti yangu hapa Kiuu ina vyumba kumi, mfereji mmoja, na midomo isiyohesabika. Mbele, upande wa barabara, ni saluni ya Wangechi, mahali pa kusukwa na kusutwa. Anayefuata ni Gerishon, karani wa Ruiru mjini anayesomea saikolojia kwa posta. Chumba cha mwisho, karibu na mfereji, ni cha Waridi na mumewe Idarous, dereva wa lori. Ni Waislamu wa Majengo, Thika. Wana Mahir wa miaka minne, na Sumeya, ambaye bado ananyonya.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mahir alitumwa kwangu kuomba kiberiti. Alivuka ua akiwa amevaa karatasi ya nailoni kichwani, mashikio yamefungwa chini ya kidevu. Nikamuuliza hiyo ndiyo kofia gani. "Mvua inauma kichwa, Mwalimu." Mama yake anasema hata kuoga ni vita, akimwagiwa maji kichwani, anapiga kelele mpaka za soko la Githurai zinasikika kimya. Nilimpa kiberiti, nikakifunga ndani ya ile kofia yake kisilowe. Akarudi mbio kichwa wazi, akilia njia nzima. Kumbe nilikosea.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mvua. Choo kimejaa maji. Nimegombana na fundi.

Jumatano, 5 Novemba

Mahir amekufa.

Niandike jinsi ilivyokuwa. Jana alikuwa na joto. Waridi akambeba mpaka zahanati, wakasema ni malaria, wakampa dawa. Leo asubuhi alikunywa uji kidogo. Saa nne nilikuwa naanika mahindi barazani nikamwona Waridi amesimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, njoo umwangalie Mahir." Nikaenda. Alikuwa amekwisha.

Idarous alikuwa karibu, Ruiru. Aliletwa na tajiri wake kwa pikapu. Wakamfunga mtoto kwa shuka safi, Waridi akapanda mbele naye mapajani, Sumeya mgongoni, wakaenda Thika. Mimi nilibaki nimeshika mlango. Machozi yalinitoka mpaka nikaona aibu, kwa sababu mama mwenyewe hakutoa hata moja.

Jioni, wapangaji walikutana saluni kuunda kamati ya mazishi. Mwenyekiti akachaguliwa, mweka hazina akachaguliwa, bakuli likapita. Gerishon akapendekeza mkutano mwingine Jumapili ili tupange basi na jeneza. Ndipo kijana wa tajiri wa Idarous akapita kurudisha mwavuli, akatuambia mtoto alizikwa alasiri.

Kamati ilikuwa imekosa maiti.

"Alasiri gani?" Wangechi akauliza. "Si amekufa leo?"

"Ndiyo, leo."

"Woi! Na mbio zote hizo ni za nini?"

Jumapili, 9 Novemba

Waridi amerudi. Nilidhani nitamwona amenyoa kichwa, au amevaa nguo nyeusi, au angalau macho yamevimba. Alikuwa amejifunga kanga, uso mkavu. Alinisalimu, akachota maji, akafua nepi, akazianika chini ya paa. Kisha akawaita watoto wote wa ploti, akawagawia maandazi kwa niaba ya Mahir. Watoto walikula. Mama zao waliangaliana.

Niliishi na watu miaka yote ya kazi nikiamini naweza kumsoma mtu usoni hata kabla hajafungua mdomo. Huyu amenishinda.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua, siku nzima.

Saluni ni baraza. Nilienda kukatwa nywele nikapewa na hotuba. Wangechi ana kisu cha maneno, tena anakinoa kwa wateja. "Mwalimu, nikuambie ukweli? Mimi nilipoteza wa kwanza wangu, yule wa kabla ya Shiro. Nililia mpaka wakanishikilia. Nilitaka kuingia kaburini. Huyu anafua nepi! Na wanasema alimwosha maiti yeye mwenyewe, na mikono yake. Mama gani anaweza?"

Mteja mmoja akasema huenda mtoto hakuwa wake. Mwingine akasema, alasiri ileile, hata daktari hakumpima. Anayekimbiza mazishi ana analolificha. Gerishon alikuwa mlangoni akingoja mvua ipungue. Akasema, "Hapana, hiyo iko kwa notes zangu. Inaitwa denial. Akili yake imekataa kuamini."

Nikawaambia Waislamu huzika siku hiyohiyo, ndiyo heshima yao kwa maiti, na mama kumwosha mwanawe si kosa. Nililijua hilo tangu nifundishe Thika.

"Sawa, Mwalimu," Wangechi akasema. "Kuzika haraka tumeelewa. Na macho? Dini imekataza macho?"

Na nikiri hapa ambapo hakuna anayesoma, swali hilo nimerudi nalo nyumbani.

Jumamosi, 22 Novemba

Mto Ruiru umefurika. Mvua.

Alhamisi, 27 Novemba

Mhubiri mmoja wa kanisa la mabati alipita na kipaza sauti akihubiri juu ya waabudu shetani wanaotoa watoto kafara. Hakutaja jina la mtu, wala hakujua lolote. Lakini alisimama barabarani mbele ya ploti yangu kwa sababu hapo ndipo hakuna dimbwi, na hilo limetosha. Jioni wanawake walichota maji kwa zamu ili wasikutane na Waridi mferejini.

Jumatano, 3 Desemba

Gerishon ni mjinga mwenye vitabu. Wiki mbili zilizopita aliandikia gazeti, ule ukurasa wa ushauri wa Jumapili, akaeleza habari za "mama mmoja wa Ruiru ambaye hajalia," na wamechapisha. Sasa wasomaji wanajibu. Mmoja wa Kisii anasema mama huyo alikuwa akimchukia mume. Mmoja wa Kitale anasema ni ugonjwa wa akili, apelekwe hospitali kabla hajammaliza na wa pili. Wa Nakuru anasema amemfahamu mwanamke kama huyo na alikuja kukamatwa. Watu ambao hawajawahi kumwona, hawajui hata jina la mtoto! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini hawa wanawahesabu kunguni kutoka Kitale.

Nilimfuata Gerishon chumbani, nikamwambia niliyomwambia. Alisema, "Lakini Mwalimu, sikuandika jina."

"Kuna wamama wangapi hapa Kiuu ambao hawajalia?"

Ijumaa, 12 Desemba

Saa tisa mvua ilipungua ikawa manyunyu, wapangaji wakatoka wote uani. Wangechi mbele. Waridi alikuwa mferejini, Sumeya mgongoni. Wakamzunguka. Nilisikia kimya chao nikiwa jikoni, nikatoka na mwiko.

Wangechi hakuja na ubaya, niseme haki. Sauti yake ilikuwa karibu kuvunjika. "Mama Mahir, sisi ni majirani zako. Hatukulala na wewe matanga, hatukukusaidia kulia. Basi lia sasa. Lia tu hata kidogo, watu waone uko na roho kama sisi. Tutalia na wewe."

Sote tukamtazama. Nami nilitamani alie, Mungu anisamehe. Nilitamani hilo jambo liishe. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Tone moja na angekuwa mwenzao.

Nikaona machozi yakimjia. Naapa niliyaona. Kidevu kilicheza, koo lilipanda na kushuka, mishipa ya shingo ikasimama. Akashika ncha ya kanga, akaiuma kwa meno. Akainua uso, manyunyu yakamwangukia, akatazama mawingu kama mtu anayetazama adui wake. Halafu akameza. Alimeza kile kilio chote, nikaona kikishuka. Sijapata kuona nguvu kama ile. Nimeona wanaume wakiinua gari lililokwama matopeni, wala si kitu.

Akasema, "Mvua ikatike kwanza."

"Ati nini?" Wangechi akauliza.

"Nitalia, Wangechi. Mvua ikatike kwanza."

Wakaanza kuguna. Mmoja akasema, hizo si akili za mtu. Mwingine akasema waende kwa chifu, Sumeya achukuliwe kabla hayajatokea mengine, na mama ahame ploti. Waridi alimvuta mtoto kutoka mgongoni akamkumbatia kifuani. Hapo ndipo nilipoona hofu usoni mwake kwa mara ya kwanza.

Wangechi akanigeukia. "Mwalimu, ploti ni yako. Sema. Atatoka au tutoke sisi?"

Sikuwa nimeelewa neno lolote la Waridi. Lakini nilikuwa na mwiko mkononi na sauti ya darasani kooni, na nikasikia nasema: "Ploti hii hakuna anayehama kwenye mvua, na hakuna anayekwenda kwa chifu kutoka mlango wangu. Mmemsikia. Mvua ikatike kwanza. Ikikatika na asilie, nitamwambia mimi mwenyewe afunge mizigo."

Wakatawanyika. Nimeweka ahadi juu ya kitu nisichokijua.

Jumatano, 17 Desemba

Waridi amekuja kwangu mchana, Sumeya amelala begani. Alikuwa na kipande cha gazeti chenye mafuta. Muuza nyama alimfungia nacho matumbo. Akakilaza mezani, akakinyoosha kwa kiganja.

"Shikamoo, Mwalimu. Huyu aliyeandikwa hapa ni mimi?"

Nikasema ndiyo. Singeweza kumdanganya. Akasoma tena polepole, kidole kikifuata mistari, ile ya Kitale na ile ya Kisii.

"Wanajua mengi," akasema. Hakukasirika. Ilikuwa kama anawaonea huruma.

Nikamwambia, "Waridi mwanangu, mimi sijui lolote. Nieleze."

Naandika alivyonieleza. Kwao wanawake hawaendi makaburini. Alimwosha Mahir kwa maji ya vuguvugu, akimwaga kidogokidogo kwa kikombe, taratibu kichwani, kwa sababu ya vile alivyokuwa akichukia maji. Akamkausha kila mahali, hata nyuma ya masikio. Akamkabidhi mkavu kwa baba yake. Waliporudi akamuuliza Idarous, kaburi lilikuwaje? Idarous hajui kusema uongo. Alisema walikuta maji. Waliyateka kwa makopo yakawa yanarudi, wakatanguliza mbao na nyasi, wakamlaza upesi kabla hayajapanda.

"Na tangu siku hiyo, Mwalimu, mvua haijakoma. Mimi hulala nikisikia inavyopiga mabati, nikijua inampiga na yeye." Akamweka Sumeya vizuri. "Nyanya yangu aliyenilea pale Majengo alizika watatu. Alikuwa akisema machozi ya mama hayaanguki chini. Yanakwenda mpaka pale mtoto alipolala. Kwa hiyo akiwa mkavu ndipo mama alie. Shekhe anasema haya hayamo kitabuni, ni maneno ya wazee. Najua. Lakini ikiwa Nyanya alisema kweli? Mtoto wangu amelowa vya kutosha. Nimwongezee mimi maji?"

Nililia mimi, mzee mzima, kichwa juu ya gazeti la matumbo, na yeye ndiye aliyenipapasa mgongo. Akaniambia, "Wewe lia tu, Mwalimu. Yako hayamfikii."

Alipoondoka nilikaa muda mrefu. Nikahesabu siku alizobeba hayo kifuani akifua, akichota maji, akitukanwa. Kisha nikaacha kuhesabu, kwa kuwa niliogopa. Nimewahi kumtilia mashaka mtu ambaye sistahili kumfungulia viatu.

Jumatatu, 29 Desemba

Tumepiga kura tukiwa na matope mpaka magotini. Mvua haina chama.

Jumatatu, 5 Januari 1998

Shajara imekwisha, mvua haijaisha. Lakini kwa kuwa niliianza Oktoba, kurasa za mwanzo ziko tupu, kwa hiyo naandika Januari hii ndani ya Januari ile. Siku hazilingani, Jumatatu yangu karatasi inaiita Jumapili. Si kitu. Mwaka wenyewe haujijui.

Waridi amefunga Ramadhani, huku akinyonyesha. Nimemwambia ameruhusiwa kula. Akasema, "Najua. Lakini njaa inanisaidia kukumbuka kumeza."

Ijumaa, 9 Januari

Nilipita makaburi ya Waislamu nikitoka kwa binti yangu. Nilisimama nje ya ua na mwavuli. Udongo mwekundu, vijito vikipita kati ya matuta, na matuta mengine ni madogo sana. Sikujua lipi ni lake. Nilipofika nyumbani Waridi aliniuliza nimetoka wapi. Nikasema Thika. Hakuuliza zaidi, nami sikusema.

Jumamosi, 17 Januari

Asubuhi jua! Kufikia saa tano Wangechi alikuwa mlangoni kwangu, chanuo nyweleni. "Mwalimu, mvua imekatika. Na huyo anapepeta mchele. Ahadi ni deni, wewe ndiye ulitufundishia watoto hivyo."

Nikamvuta ndani, nikafunga mlango, nikamweleza yote. Kaburi, makopo, mbao, nyanya, machozi. Nikamweleza na ile karatasi ya nailoni kichwani. Aliangalia sakafu. Kisha akatoka, akarudi kumalizia kichwa cha mteja.

Sijui nimefanya vyema au nimetoa siri ya mtu sokoni. Saa nane ikanyesha tena.

Ijumaa, 30 Januari

Idi. Waridi ametuletea pilau milango yote, hata ya waliomtaka ahame. Wote walikula. Mvua.

Jumanne, 17 Februari

Jua tangu Jumamosi. Matope yameanza kupasuka. Naona wapangaji wakimwangalia Waridi, na Waridi anaangalia juu. Hajalia. Gerishon aliniuliza kwa adabu kama nakumbuka nilichosema. Nakumbuka. Je, kama kilio kikizuiwa sana kinakufa ndani? Nitamwambiaje afunge mizigo? Sikulala vizuri.

Jumamosi, 21 Februari

Jua kali. Idarous alipakua mzigo Thika asubuhi, akapita makaburini, akaja moja kwa moja. Nilikuwa nimekaa barazani na Sumeya akinivuta hereni. Waridi alikuwa anaanua nguo. Idarous hakusalimu mtu. Alitoa leso mfukoni, akaifungua kiganjani. Ilikuwa na udongo.

"Ni wa pale kwake," akasema. "Nimechimba kwa kidole, mpaka hapa. Kumekauka, Mama Mahir."

Waridi akachukua kidogo, akausugua kati ya vidole. Ukawa vumbi. Upepo ukalipeperusha. Akausugua mwingine, na mwingine, mpaka leso ikabaki tupu. Kisha akavua ndara, akakaa chini pale chini ya kamba ya nguo, miguu ameinyoosha mbele, akafungua mdomo.

Sitaweza kuiandika sauti ile. Ilianza chini, ikapanda, na ilipofika juu haikushuka. Ndani yake kulikuwa na kila siku niliyoandika humu, na zile nilizoandika neno moja tu. Milango yote ikafunguka. Wanawake walitoka na masufuria mikononi wakasimama hapohapo. Gerishon alitoka na kitabu chake, akakifunga. Hakuna aliyesogea. Nadhani tuliogopa, kama mtu anavyoogopa kanisani akikumbuka ghafla kwamba Mungu yupo kweli. Idarous alipiga magoti nyuma yake akamshika mabega, naye analia.

Wangechi akatoka saluni, mteja nyuma yake na nusu ya kichwa haijasukwa. Akasimama ukutani.

Mara ua ukawa na kivuli. Wingu lilikuwa limepita juu ya jua, jeusi kidogo upande mmoja. Waridi akaliona. Akafunga mdomo papo hapo, katikati ya jina la mtoto. Akaikamata ncha ya kanga akaipeleka menoni, na lile koo lake likaanza tena kupanda na kushuka. Nilisema moyoni, hapana, Bwana, si tena.

Wangechi akaondoka ukutani. Akapita kati ya watu mpaka katikati ya ua, mahali palipo wazi. Akainua uso, akanyoosha mkono, kiganja juu, akangoja. Sote tukangoja naye. Kisha akaja akakaa mavumbini kando ya Waridi, na sketi yake nzuri, akaitoa ile kanga menoni mwake polepole.

"Hakuna mvua, Mama Mahir. Ni wingu tu, linapita," akasema. "Wewe lia. Mimi nitaangalia juu."